UZI: Breki za gari. Kelele, mtetemo na pedali laini ni magonjwa tofauti, pima kwanza ndipo ununue spea

#1 MwanaGereji

Wakuu, salaam kwenu.

Gari likilalamika breki, jibu la kwanza kwenye gereji nyingi ni "leta pedi". Zinafungwa, kelele inatulia wiki mbili, inarudi, zinanunuliwa nyingine. Pedi ni spea ya bei ndogo na rahisi kuifikia, ndiyo maana inabebeshwa makosa ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), ya habu (kitovu kinachobeba diski na tairi), ya mpira wa breki (bomba laini linalopitisha mafuta) na ya mafuta. Tuweke uzi mmoja wenye vipimo, mtu akija na dalili ajue aanzie wapi. Mfano wangu ni Toyota ndogo (IST, Vitz, Probox, Raum) zenye diski mbele na dramu (ngoma) nyuma, maana ndizo zimejaa barabarani. Gari jingine, fuata kitabu chake.

Unene kwanza. Pedi mpya ya gari dogo ina nyama ya milimita 10 hadi 12, bila kuhesabu bamba la chuma la nyuma yake. Ikifika 3 tafuta nyingine. Ikifika 2 gari lisitoke. Kuchungulia kwenye matundu ya rimu hakutoshi, unaona pedi ya nje tu, na kwenye kalipa yenye pistoni upande mmoja ya ndani mara nyingi ndiyo inayotangulia kuisha. Toa tairi.

Ukishatoa, linganisha pedi zote nne za mbele. Tofauti ya milimita moja ni ya kawaida. Ikiwa ya ndani imebaki 2 na ya nje ina 7, kufunga pedi mpya peke yake ni kutupa pesa: ama pini za kalipa zimekwama ama pistoni hairudi. Ikiwa pedi imelika mshazari, juu nene na chini nyembamba, pini moja haitelezi.

Jambo la pili ni kopo la mafuta ya breki. Mafuta yanashuka taratibu kadiri pedi zinavyolika, kwa sababu pistoni zinasogea nje na mafuta yanajaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo ukiona yamekaribia MIN usikimbilie kuongeza, kagua pedi. Ukiongeza leo hadi MAX, siku ya kufunga pedi mpya pistoni zinarudishwa ndani, mafuta yanafurika na kubabua rangi ya bodi. Yakishuka ghafla wakati pedi ni nene, kuna kuvuja, na gari lisitembee hadi ijulikane ni wapi.

Karibuni muongeze.

#2 BintiTanga

Asante mkuu kwa kuanzisha. Niongeze kwenye kelele, maana kila kelele ina maana yake.

Mlio mwembamba wa filimbi unaosikika ukiwa unatembea, na ukikanyaga breki unabadilika au unanyamaza: hicho ni kijibati cha pedi kinagusa diski. Kimewekwa kwa makusudi, pedi ikibaki milimita 2 au 3 kinaanza kukwaruza. Una siku chache za kutafuta pedi, si miezi.

Mkwaruzo mzito wa chuma ukikanyaga: nyama imeisha, bamba linasaga diski. Hapo diski nayo inaingia kwenye gharama.

Mlio wa asubuhi unaoisha baada ya kukanyaga mara tatu nne: kutu ya usiku. Huku pwani, kuanzia Tanga hadi Zanzibar na Mombasa, gari likilala nje baada ya mvua diski inakuwa ya rangi ya machungwa kufikia alfajiri. Haihitaji fundi.

"Ko!" moja unapokanyaga au unaporudi nyuma: pedi inacheza kwenye fremu. Mara nyingi vibati vya kushikilia pedi vilitupwa wakati wa kufunga.

Halafu ile ya barabara ya changarawe: kelele ya kukwaruza mfululizo, haibadiliki ukikanyaga wala ukiachia. Kokoto imenasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi. Rudi nyuma taratibu, kata usukani pande zote mbili, mara nyingi inadondoka. Ikigoma, toa tairi ulikunje bati kidogo kwa bisibisi. Watu wameuziwa beringi kwa sababu ya kokoto.

#3 Dereva_Rongai

Wadau habari zenu, niko upande wa Kenya. Swali langu ni mtetemo. Gari ikiwa 80 kwenda juu, ukikanyaga breki usukani unatetemeka. Bila breki iko sawa, balansi ya magurudumu imefanywa. Mekanika amesema diski zimepinda, zimekerezwa mara mbili, kila mara inakaa miezi mitatu minne tatizo linarudi. Ninunue diski mpya?

#4 KalipaKumiNaNne

Ndugu wa Rongai, usinunue kwanza. Maelezo yako yanaonyesha chanzo hakijaguswa.

Neno "diski imepinda" linapoteza watu. Diski kupinda kwa joto hadi ionekane ni jambo la nadra. Kinachotetemesha usukani ni unene usiolingana: sehemu moja ya duara ni nene kuliko nyingine kwa 0.02 ya milimita au zaidi kidogo. Jicho halioni, lakini kila sehemu nene inapopita kati ya pedi inaisukuma pistoni nyuma, na mguu na mikono inasikia.

Unene huo unatoka wapi? Diski imekaa mshazari kwenye habu. Haikukaa bapa kwa sababu kuna kutu, au chembe ya uchafu, au nati zimekazwa kwa mashine ya upepo, moja imebana sana, nyingine kidogo. Diski inazunguka ikiyumba. Hata usipokanyaga breki, kila mzunguko sehemu ileile inagusa pedi kwa wepesi na kulika. Baada ya kilomita elfu kadhaa unene unatofautiana na mtetemo unaanza. Ukiikereza diski kwenye leidhi ukairudisha juu ya kutu ileile, umeanzisha saa upya. Ndiyo hiyo miezi mitatu yako.

Fanya hivi:

1. Toa diski. Kama imeng'ang'ania, zipo tundu mbili zenye nyuzi kwenye kofia yake (sehemu ya katikati iliyoinuka). Ingiza bolti za milimita 8, zikaze kwa zamu, itatoka yenyewe. Usiipige nyundo usoni.
2. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, hasa kuzunguka kila stadi (bolti ya kufungia nati ya tairi) na kwenye mdomo wa katikati. Safisha pia ndani ya kofia ya diski na uso wa rimu unaokutana nayo.
3. Rudisha diski, ishikilie kwa nati zote, tumia washa kama nati hazifiki.
4. Weka dayo geji (kipimo cha mshale kinachosoma diski inavyoyumba) ncha yake ikiwa milimita 10 kutoka ukingo wa nje, zungusha mzunguko mzima. Toyota nyingi ndogo zinataka isizidi 0.05 ya milimita.
5. Ikizidi, toa diski, igeuze tundu moja mbele, pima tena. Jaribu nafasi zote. Mara nyingi kuna moja ambapo kosa la habu na kosa la diski vinafutana.
6. Ikigoma nafasi zote, pima habu yenyewe bila diski. Habu ikiyumba, hakuna diski itakayokaa.

Kisha kaza nati za tairi kwa msalaba, hatua mbili, umalizie kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Toyota ndogo ni 103 Nm. Asiye na toki renchi atumie spana ya mkono, mashine ya upepo iishie kwenye kusogeza nati tu.

Ongezeko: mtetemo ukiwa kwenye kiti na sakafu kuliko kwenye usukani, hamia nyuma. Dramu nayo inapoteza duara.

#5 MwanaGereji

Niunge hapo kwenye kukereza. Kila diski imegongwa unene wa chini ukingoni au kwenye kofia, MIN TH na namba. Kama imeandikwa MIN TH 20 na yako iko 20.3 kabla ya leidhi, usiipeleke, ikirudi itakuwa chuma chakavu. Diski nyembamba inabeba joto dogo, na pistoni inatoka mbali kuliko ilivyokusudiwa. Pima kwa maikromita sehemu nane za duara. Venia ya kawaida inadanganya kwa sababu midomo yake inakaa juu ya ukingo usiolika.

#6 Ukerewe_84

Wakuu na pedali je? Inashuka chini, ukipampu mara mbili inapanda na kuwa ngumu. Niliambiwa niongeze tu mafuta ya breki, na kwamba hata mafuta ya usukani (haidroliki) yanafaa kwa dharura.

#7 FundiMstaafu

Kaka, hiyo ya haidroliki usiifanye kabisa, na aliyekwambia mwambie aache. Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni ya asili ya glaikoli, na sili za breki (mipira midogo inayozuia kuvuja) zimetengenezwa kwa mpira unaoelewana nayo. Mafuta ya usukani, ya gia na ya injini yana asili ya mafuta ghafi ya ardhini. Yakiingia, sili zinavimba kama mkate kwenye chai: pistoni hazirudi, magurudumu yanajikaba, na baadaye breki zinapotea. Kikombe kimoja tu kinatosha. Baada ya hapo kuosha hakusaidii, unabadilisha masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali), sili za kalipa, wili silinda (silinda ndogo inayosukuma viatu vya breki ndani ya dramu) na mipira yote.

Sasa pedali. Kuna hali tatu zinazofanana kwa jina.

Pedali ya sponji, inayopanda ukipampu: kuna upepo ndani, maana upepo unabanika na mafuta hayabaniki. Au breki za nyuma zimelegea, tutarudi hapo.

Pedali unayoikanyaga kwa uzito uleule kwenye foleni na inazama polepole hadi chini, wala hakuna tone linalovuja nje: sili za ndani ya masta silinda zimechoka. Mafuta yanapita pembeni mwa pistoni na kurudi kwenye kopo.

Pedali ngumu kama jiwe na gari halisimami: busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu). Zima injini, kanyaga mara tano hadi pedali iwe ngumu, kisha uishikilie na uwashe. Busta nzima, pedali inazama kidogo chini ya mguu. Isipozama, kagua mpira wa vakyumu unaotoka injini na valvu yake ya njia moja kabla ya kulaumu busta lenyewe. Mpira uliopasuka ni bei ndogo, busta si bei ndogo.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, kupitia mipira na kila kopo linapofunguliwa. Takwimu ni hizi: DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji asilimia 3.7 inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika kama upepo: pedali inaenda sakafuni bila onyo. Ndiyo sababu ya kubadilisha kila miaka 2 au kilomita 40,000, kinachotangulia. DOT 4 inaweza kuingia mahali pa DOT 3. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na nyingine zote, isikaribie gari lako. Chupa iliyofunguliwa ikakaa gereji miezi sita usiitumie.

Kutoa upepo, watu wawili:

Kwa gari la usukani wa kulia masta silinda iko kulia, hivyo anza na gurudumu la mbali zaidi: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Nyonya mafuta machafu ya kopo kwa bomba la sindano, jaza mapya. Vaa mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye nipeli (skrubu yenye tundu ya kutolea upepo), ncha nyingine izame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Wa ndani akanyage mara tatu polepole, ashikilie. Wa chini afungue nipeli robo mzunguko (spana 8 au 10, ya duara si ya mdomo wazi), mafuta yatoke, afunge, ndipo wa ndani aachie. Mpangilio huo ukikosewa unanyonya upepo badala ya kuutoa. Rudia hadi mafuta yatoke safi bila mapovu. Kila mikanyago mitano angalia kopo. Likikauka, kazi yote inaanza upya. Lita moja inatosha gari dogo zima.

#8 BintiTanga

Mzee shikamoo, maelezo yametulia. Naomba niongeze mawili.

Gari la zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali kabla ya kupampu. Kila siku pistoni za masta silinda zinatembea nusu tu ya mwendo wake, sehemu ya mbele haifikiwi na inaota kutu. Ukikandamiza pedali hadi sakafuni siku ya kutoa upepo, sili zinapita juu ya kutu ile na kuchanika. Gari lililoingia na masta nzima linatoka na masta mbovu.

Pili, mpangilio wa magurudumu. Magari mengi madogo yana mizunguko miwili ya msalaba: mbele kulia na nyuma kushoto ni mmoja, mbele kushoto na nyuma kulia ni wa pili. Vitabu vingine vinataka ufuate jozi hizo, vingine vinaanzia mbele. Kitabu cha gari kikisema tofauti na kanuni ya "mbali kwanza", kifuate kitabu.

#9 FundiMstaafu

Marahaba binti. Yote mawili ni kweli, na hilo la msalaba linanikumbusha jambo la hatari linalofanyika: wili silinda ya nyuma ikivuja, paipu linakunjwa na kupigwa nyundo au linazibwa kwa bolti ili "gari litembee kwanza". Kwenye mfumo wa msalaba gurudumu moja la nyuma limekufa, na gari likishikwa breki kwenye lami yenye maji linageuka. Sili za wili silinda ni pesa ndogo. Msikubali gari kurudishwa hivyo.

#10 MtuWaMilima

Kwa wanaoshuka Lushoto kwenda Mombo, Kitonga au Sekenke, tuongelee joto kwa hesabu.

Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000. Nguvu inayotolewa na kushuka huko, ukiilinganisha na kusimamisha gari lilelile kutoka kilomita 100 kwa saa hadi sifuri, ni sawa na kulisimamisha mara 25 mfululizo. Uzito haubadilishi uwiano huo. Sehemu inachukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, na inayobaki wanagawana injini na breki. Ukiweka N (gia huru), injini haibebi kitu, mzigo wote unaangukia breki, hasa diski mbili za mbele zenye upana wa sahani.

Dalili zinakuja kwa mpangilio: harufu ya kuungua, kisha pedali bado ngumu lakini gari linasimama kwa shida (pedi zimezidiwa joto), kisha pedali laini (mafuta yamechemka). Kwenye ile ya kwanza tayari unatakiwa kusimama.

Na usimwage maji kwenye diski ya moto. Chuma cha kusubu kinapasuka. Simama mahali tambarare, weka vizuizi kwenye matairi, usivute hendibreki kwa nguvu kama nyuma nako kuna joto, subiri nusu saa.

#11 Ukerewe_84

Gari la otomatiki unashukaje kwa injini?

#12 MtuWaMilima

Weka 2 au L kabla ya mteremko, si katikati. Gia za CVT (otomatiki ya mkanda) nyingi zina S au B, ni hizo. Zima O/D (gia ya mwendo mkubwa) kwa zenye kitufe. Kanuni ya madereva wa zamani bado ni sahihi: gia uliyohitaji kupandia ndiyo ya kushukia. Mwendo ukizidi, kanyaga kwa nguvu sekunde tatu nne upunguze kilomita 15 au 20, kisha achia kabisa hadi mwendo upande tena. Kugusa breki kwa wepesi mfululizo ndiko kunakopika pedi, kwa sababu hazipati sekunde ya kupoa.

(Malori ya breki za upepo yana mambo yake, tusiyachanganye hapa.)

#13 KalipaKumiNaNne

Gari kuvuta upande mmoja ukikanyaga. Kwanza pima upepo wa matairi, sekunde thelathini tu. Kisha kumbuka: gari likivuta kushoto, kushoto ndiko kunakoshika. Kwa hiyo anayekosea anaweza kuwa kalipa ya kulia ambayo haishiki. Wengi wanafungua upande usio wake.

Ukiwa na kipimajoto cha mionzi, tembea dakika kumi kwa breki za kawaida, pima diski za kushoto na kulia. Upande ulio baridi kuliko mwenzake haufanyi kazi. Ukitembea bila kukanyaga breki kabisa na mmoja bado una moto, huo unajikaba.

Gurudumu linalojikaba, pandisha jeki na stendi, lizungushe kwa mkono. Halizunguki? Fungua nipeli. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, presha imenaswa. Funga nipeli, kanyaga breki tena lijikabe, kisha safari hii legeza kiungo cha mwanzo wa mpira wa breki, upande wa bodi. Lisipoachia hapo lakini likaachia ukifungua nipeli, mpira umevimba kwa ndani: mafuta yanapita ukikanyaga, hayarudi. Nje mpira huo unaweza kuonekana mzima kabisa. Na likigoma hata nipeli ikiwa wazi, tatizo ni pistoni au pini.

Pini: zitoe, zifute, msasa laini wa namba 600 kama kuna kutu, zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya beringi inavimbisha mpira wa pini na baada ya miezi imekwama kuliko mwanzo. Pini moja kati ya mbili mara nyingi ina kijimpira nchani, irudi tundu lake, usizibadilishe nafasi.

Kurudisha pistoni, weka pedi ya zamani juu yake, bana kwa G-klampu polepole, nipeli ikiwa imefunguliwa ili mafuta machafu yatoke nje badala ya kupanda kwenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga). Funga nipeli kabla ya kulegeza klampu. Kalipa ining'inizwe kwa waya, isibebwe na mpira wake. Na ukimaliza, kabla injini haijawashwa, pampu pedali hadi iwe ngumu. Gari lililotoka gereji bila hatua hiyo mkanyago wake wa kwanza haushiki kitu.

#14 MwanaGereji

Nyuma sasa, maana dramu ndizo zinazosahaulika na ndizo jibu la pili la swali la #6.

Toa dramu. Imegongwa MAX ndani au nje: dramu ya milimita 200 kwa kawaida inaandikwa 201. Ukipima ndani ukakuta zaidi, haichongwi tena. Nyama ya kiatu cha breki isipungue milimita 1, na mimi singengoja hapo, ikifika 2 badilisha. Vuta kidogo mdomo wa mpira wa vumbi wa wili silinda. Unyevunyevu mwepesi si kitu, tone likitiririka sili zimekwisha, na viatu vilivyolowa mafuta ya breki havioshwi vikafaa.

Kijirekebishaji (skrubu inayosogeza viatu karibu na dramu vinapolika) kilichokwama kwa kutu ndicho kinachofanya pedali iende chini na kupanda ukipampu, watu wanatoa upepo mara tatu bila mafanikio. Kizungushe hadi dramu iingie kwa kugusa kidogo tu na gurudumu lizunguke kwa mkono likisikika "shh" nyepesi. Ndipo upime hendibreki: mibofyo 5 hadi 9. Kukaza waya wa hendibreki kabla ya kurekebisha viatu ni kinyume, unazuia kijirekebishaji kufanya kazi milele.

Vumbi la ndani usilipulize kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute. Viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, na hiyo inakaa kwenye mapafu.

Na wale wanaobandika nyama upya kwa gundi ya kawaida: nyama ikibanduka inajikunja kati ya kiatu na dramu, gurudumu linafunga ghafla. Nunua viatu vipya.

#15 Dereva_Rongai

Asanteni sana, habu nitaisafisha na kupima. Kuhusu spea, ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, utaambiwa zote ni orijino. Mtu anatofautishaje pedi?

#16 BintiTanga

Kariakoo na Ilala ni hivyohivyo ndugu yangu. Boksi na stika usiviamini, angalia pedi yenyewe.

Ukingoni mwa nyama au nyuma ya bamba kuna herufi mbili mwishoni mwa namba, kama EF, FF au GG. Ya kwanza ni mshiko ikiwa ya kawaida, ya pili ikiwa ya moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. FF inatosha gari la kawaida. Isiyo na herufi kabisa iache. Herufi peke yake si uthibitisho, anayeghushi boksi anaghushi na herufi, kwa hiyo endelea: nyama isiwe na nyufa wala mwanya inapokutana na bamba, kwa kucha isibanduke punje, bamba liwe bapa ukiliweka juu ya kioo, na pedi zote nne zilingane. Linganisha na uliyotoa, masikio yaingie kwenye fremu yakiteleza kwa mkono. Ikilazimu nyundo kuingia, haitarudi.

#17 MtuWaMilima

Tuguse na haibridi (gari la injini pamoja na mota ya umeme), Aqua na Prius zimekuwa nyingi. Pedi zake zinadumu sana kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo, lakini ndiyo maana pini zinakwama na diski zinaota kutu kwa kutotumika. Zifunguliwe mara moja kwa mwaka hata kama pedi ni nene. Na tahadhari: mfumo wake unaweza kuamka wenyewe na kujaza presha mlango wa dereva ukifunguliwa. Kalipa ikiwa wazi, pistoni inaruka, kidole kinaumia. Ufunguo ukae mbali, mfumo uzimwe kama kitabu kinavyoelekeza kabla ya kufungua. Kutoa upepo kwake kunahitaji mashine ya uchunguzi, si watu wawili na chupa. Hendibreki ya umeme nayo ni hivyohivyo, kalipa ya nyuma inawekwa kwanza kwenye hali ya matengenezo. Kuibana kwa klampu kunavunja gia zake.

#18 Ukerewe_84

Taa ya ABS ikiwaka gari linaweza kutembea?

#19 KalipaKumiNaNne

Ya ABS ya njano peke yake: breki za kawaida zipo, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Mara nyingi ni sensa ya gurudumu iliyojaa unga wa chuma au waya uliokatika karibu na shoki. Soma namba za hitilafu kwa mashine ya uchunguzi, usibahatishe.

Nyekundu ya breki: shusha hendibreki, angalia kopo. Ikibaki, usiendeshe.

Zote mbili kwa pamoja: mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma umepotea, nyuma inaweza kufunga kabla ya mbele. Livutwe.

Na kwa walioagiza magari ya Japani yaliyotumika maeneo ya theluji, chungulia chini kabla ya yote. Chumvi inayomwagwa barabarani kule inakula mapaipu ya chuma ya breki, hasa yanapopita juu ya tangi na ekseli ya nyuma. Paipu lenye magamba likikwanguliwa na kucha likaacha shimo, lisisubiri.

#20 Dereva_Rongai

Mrejesho wa vipimo vya diski kuyumba, kwa milimita: mbele kulia 0.11, kushoto 0.04. Habu ya kulia ilikuwa na kutu nene kuzunguka stadi mbili. Imesafishwa, ikashuka hadi 0.06. Diski ikageuzwa tundu mbili, sasa inasoma 0.03. Unene wa diski ya kulia unatofautiana kwa 0.03, bado iko juu ya MIN kwa milimita 1.2. Nini kinafuata?

#21 KalipaKumiNaNne

Sasa leidhi ina maana. Ikerezwe kidogo kabisa, nusu milimita jumla haitafika, na ya kushoto ikerezwe vilevile ili zishike sawa. Weka alama ya rangi kwenye stadi na diski kabla ya kuitoa, irudi tundu lilelile. Pedi mpya, kisha uzizoeshe: barabara tupu, kutoka 60 hadi 15, breki za wastani, mara nane hadi kumi, usisimame kabisa ukiwa na moto maana pedi itaacha alama sehemu moja ya diski. Halafu tembea kilomita tano bila kugusa breki ipoe. Nati za tairi zirudie kukaza kwa 103 baada ya kilomita 50.